MALI BILA DAFTARI

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu huikumbuka methali hii tusemapo habari za duka au za ushirika. Leo twataka kuitumia kwa mali ya namna nyingine, nayo ni elimu ya wanyonge. Na mfano wetu ni chuo kidogo cha Marekani kilichofungwa mwaka 1955, Chuo cha Storer, katika mji wa Harpers Ferry, jimbo la West Virginia. Chuo hicho hakina tena mwalimu wala mwanafunzi. Yaliyobaki ni majengo kadhaa na makaratasi. Sisi twasema kwamba makaratasi hayo yana thamani kupita majengo, na kwamba watu wa kazi wana haki ya kuuliza ni nani ayatunzaye.

Yafaa kwanza tueleze chuo hicho kilikuwa nini. Harpers Ferry ndipo mahali ambapo John Brown na wafuasi wake 21 waliishambulia ghala ya silaha ya serikali mwezi wa Oktoba 1859, wakitaka kuwapa watumwa silaha za kujikomboa. Brown alishindwa, akanyongwa tarehe 2 Desemba mwaka huo huo. Vita vya ndani vilipokwisha, na utumwa ukavunjwa, wamisionari wa kanisa la Freewill Baptist walifungua shule hapo kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Tajiri mmoja wa Maine aitwaye John Storer akaahidi Dola 10,000 kwa masharti: wenye shule wakusanye kiasi kama hicho, shule iwe chuo siku za mbele, na mlango wake uwe wazi kwa wote, wake kwa waume, pasipo kubagua rangi wala dini. Masharti yakatimizwa, na masomo yakaanza mwezi wa Oktoba 1867. Wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa watu ambao zamani sheria za utumwa ziliwakataza hata kusoma herufi.

Sasa tutazame matunda yake. Mwaka 1875 alihitimu hapo kijana aitwaye J. R. Clifford, ambaye baadaye alikuwa mwanasheria wa kwanza Mweusi katika jimbo la West Virginia, na mwenye gazeti lake mwenyewe. Katika wilaya ya Tucker palikuwa na mwalimu mmoja Mweusi, Bibi Carrie Williams. Wakuu wa elimu waliamua kwamba shule ya watoto Weusi ifundishwe miezi 5 tu, na ile ya watoto Weupe miezi 8. Kwa shauri la Clifford, Bibi Williams alifundisha miezi yote 8, kisha akadai ujira wa miezi 3 aliyonyimwa. Mwaka 1898 mahakama kuu ya jimbo ilimpa haki yake. Mfanyakazi yeyote aisomaye hukumu ile atajiona ndani yake. Naye atakaye kujua ni wapi Clifford alipopata elimu na ushupavu wake, hana budi kufunua madaftari ya Storer.

Mwaka 1881 Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa msemaji mkuu wa watu wake, alisimama katika chuo hicho akamsifu John Brown hadharani, na mwanasheria aliyemshtaki Brown mahakamani akiwa ameketi jukwaani kumsikiliza. Mwezi wa Agosti 1906 W. E. B. Du Bois na wenzake wa chama cha Niagara walifanya hapo mkutano wao wa kudai haki sawa, wakavua viatu wakatembea miguu mitupu alfajiri kuizuru ngome ya Brown. Na mwaka 1925 alifika hapo kijana wa Kiafrika, Nnamdi Azikiwe, kuanza masomo yake ya Marekani. Kijana huyo ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa Nigeria mwaka 1963. Kwa hiyo habari za Storer ni sehemu ya habari za uhuru wa Afrika, na Mwafrika hawezi kuziita habari za ugenini.

Basi chuo kilikufaje? Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Hukumu ile ilikuwa ya haki, nasi twaisifu. Lakini serikali ya jimbo, iliyokuwa ikikipa Storer msaada kwa kuwa ni chuo cha watu Weusi, iliukata msaada huo. Chuo kilikuwa tayari na wanafunzi wachache na fedha haba, kikafungwa mwezi wa Juni 1955. Tazameni jambo hili, ndugu wasomaji: chuo kilichoanzishwa kwa sharti la kutobagua mtu kilikosa mlezi siku ile ile sheria ya nchi ilipoanza kulikubali sharti hilo.

Baada ya mazishi huja mirathi. Mfuko wa fedha ulikwenda chuo cha Virginia Union. Majengo yalichukuliwa na idara ya hifadhi za taifa. Nyaraka nazo zilitawanyika: nyingi zimo katika Chuo Kikuu cha West Virginia mjini Morgantown, na nyingine zimo katika hifadhi ya Harpers Ferry penyewe. Twashukuru kwamba hazikuchomwa, na kwamba picha nyingi zimetiwa katika intaneti, hata mjukuu aliye mbali aweza kuuona uso wa bibi yake akiwa msichana wa shule. Lakini mtafutaji wa habari kamili sharti agonge zaidi ya mlango mmoja, kama warithi wa nyumba iliyogawanywa vyumba.

Twataka kusema neno moja zaidi juu ya yaliyomo katika nyaraka za namna hii, maana si sifa tupu. Mwaka 1931 wajukuu wa waliopigania utumwa walisimamisha Harpers Ferry jiwe la ukumbusho wa Heyward Shepherd, mfanyakazi wa reli, mtu Mweusi aliye huru, aliyeuawa katika shambulio la Brown. Kifo cha mfanyakazi huyo wakakigeuza kuwa sifa ya Weusi walioishi kwa utii chini ya mabwana zao. Mkuu wa Storer, Henry McDonald, alishiriki katika sherehe ile. Lakini mwalimu wa muziki wa chuo, Bibi Pearl Tatten, aliyekuwa amekuja kuwaongoza waimbaji, alisimama mbele ya wakubwa wote akanena kwamba baba yake alikuwa askari wa upande uliopigania uhuru. Mwaka uliofuata Du Bois aliandika maneno ya kibao cha kumsifu John Brown, na wakuu wa chuo wakakataa kukiweka. Kibao hicho kiliwekwa mahali pale mwaka 2006, chuo kikiwa kimekufa zaidi ya miaka 50.

Angalieni basi. Lau nyaraka zingechujwa na mtu apendaye heshima ya wakubwa, tungebaki na hotuba za sherehe tu. Ujasiri wa mwalimu wa muziki ungezikwa pamoja na woga wa mkuu wake. Daftari la kweli huandika deni na malipo pia, na chuo kisichoacha makosa yake yasomwe hakimfundishi mtu aliye hai.

Wako wasemao kwamba makaratasi ya zamani hayamshibishi mtu. Twawajibu kwamba wamesahau njaa ya cheti. Mtu aliyesoma katika chuo kilichokufa huulizwa ushahidi aendapo kutafuta kazi, au kudai cheo, au kuendelea na masomo. Katika jimbo hilo hilo la West Virginia, mwaka 2023, chuo kingine kidogo, Alderson Broaddus, kilifilisika mwezi wa Agosti, na wanafunzi wake wakalazimika kutafuta vyuo vingine upesi. Kila mmoja wao alihitaji karatasi ioneshayo alichokwisha kujifunza. Miaka ya jasho na karo ya wazazi imo katika ukurasa mmoja. Ukipotea ukurasa, aliyesoma na asiyesoma huwa sawa machoni pa mwajiri.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, pasifungwe chuo chochote kabla ya kutajwa kwa jina mahali ambapo nyaraka zake zitatunzwa, na fedha ya kuzitunza itengwe kabla ya kulipa wadai wengine. Pili, zikabidhiwe zote, madaftari ya wanafunzi, kumbukumbu za vikao, hesabu za fedha na barua za ugomvi, pasipo mkono wa kuchuja. Tatu, waliosoma na kufanya kazi hapo, pamoja na watoto wao, wawe wa kwanza kufunguliwa mlango, wala wasiombe kama wageni.

Wahitimu wa Storer waliendelea kukutana Harpers Ferry kwa miaka mingi baada ya milango ya chuo kufungwa. Walikuwa wakizeeka na kupungua, hawakuwa na mkuu wala bodi, bali walijua kwamba walichopewa pale ni chao. Nasi wanachama na wafanyakazi tuna matawi yetu, shule zetu za watu wazima na vyama vyetu vya ushirika, na katika kila kimoja limo kabati lenye madaftari. Katibu na alifungue kabati hilo wiki hii, ahesabu yaliyomo, aandike orodha, na kuisoma mbele ya wanachama. Kazi hiyo ni ya siku moja tu, na faida yake wataiona wajukuu.