Kabla ya kulipia mpango wa kukonda, uliza maswali haya manne

Majuzi mama mmoja aliletwa katika kliniki yangu akitetemeka na kutokwa na jasho jingi. Mama huyo ana kisukari na humeza tembe kila siku. Kwa siku tatu alikuwa akinywa chai ya kukondesha bila chakula, kama alivyoagizwa na aliyemuuzia. Sukari katika damu yake ilikuwa imeshuka mno. Angechelewa zaidi, angezirai na pengine kufa. Muuzaji hakumwuliza kama ana ugonjwa wowote.

Simlaumu mama huyu kwa kutaka kukonda. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa wanawake 33 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzani uliozidi. Unene huleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Wala si lazima mtu aende hospitalini ndipo akonde. Wapo waliofaulu kupitia vyumba vya mazoezi na vikundi vya kutembea mtaani. Lakini kabla ya kutoa pesa zako, uliza maswali manne.

Kwanza, je, wanataka kujua hali ya afya yako? Mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au figo, na vilevile mja mzito na anayenyonyesha, sharti amwone daktari kwanza. Huenda dawa zake zikahitaji kupunguzwa.

Pili, wanakuahidi kilo ngapi? Kupungua kwa usalama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayekuahidi kilo 10 kwa wiki mbili anakudanganya.

Tatu, ndani ya dawa hiyo mna nini? Chai nyingi za kukondesha zina majani ya sena, ambayo huharisha. Kinachopungua ni maji wala si mafuta. Dawa iitwayo sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa kuhatarisha moyo, lakini tangu hapo imepatikana mara kwa mara ikiwa imefichwa katika tembe zinazodaiwa kuwa za mitishamba.

Nne, utakula nini mpango ukiisha? Mpango mwema hukufundisha kupunguza ugali na chapati, kuongeza sukuma wiki na maharagwe, kuacha soda, na kushuka matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani ili utembee. Mambo hayo unaweza kuyafanya maisha yako yote. Chai pekee huwezi.

Kwa maoni yangu, anayekwepa maswali haya hastahili hata shilingi yako moja. Unene haukuja kwa wiki mbili, na hautaondoka kwa wiki mbili.