Simu Haipimi Sukari

Kwa muda mrefu kisukari kilidhaniwa kuwa ugonjwa wa mijini. Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 uliona wagonjwa pungufu ya 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ingawa njia za uchunguzi hazikuwa sawa, ni dhahiri kwamba ugonjwa huu sasa ni wa taifa zima, na mkulima wa Hombolo, mkoani Dodoma, hayuko nje yake.

Katika hali hiyo programu za simu janja zimepokewa kwa shangwe. Sifa zake si za bure. Mgonjwa wa kisukari huishi kwa hesabu: chakula alichokula, kazi aliyofanya, dawa aliyotumia. Programu huhifadhi hesabu hizo na kumwonyesha mganga mwenendo wa sukari wa wiki nyingi katika mchoro mmoja. Aidha, humkumbusha mgonjwa saa ya dawa, jambo ambalo daftari haliwezi.

Hata hivyo, simu haipimi sukari. Kinachopima ni kipande chembamba kiitwacho stripi. Tone la damu likikigusa, kimeng'enya kilichomo hutenda juu ya glukosi, na mkondo mdogo wa umeme huzalika, ambao kipima sukari huugeuza kuwa namba. Stripi moja hutumika mara moja tu. Asiyemudu kuinunua hana namba ya kuingiza, hata simu yake iwe ya thamani gani. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya hadharani dhidi ya saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi.

Pili, kuna suala la vipimo. Nchini sukari ya damu huandikwa kwa milimoli katika lita. Wamarekani hutumia miligramu katika desilita. Milimoli 7 ni sawa na miligramu 126. Programu iliyopangwa kwa kipimo cha Marekani ikiandikiwa 7 itadhani sukari imekwisha mwilini. Mgonjwa akiitii na kunywa soda, sukari iliyokwisha kuzidi itapanda zaidi.

Tatu, programu nyingi zilitungwa ng'ambo. Zinaujua mkate na viazi. Ugali wa uwele na mlenda hazina habari navyo. Mgonjwa hubaki kukisia, na makisio si sayansi.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni stripi kupatikana katika zahanati kwa bei ambayo mkulima ataimudu. Wa pili ni programu kuandikwa kwa Kiswahili, zikiwa na vyakula vya wananchi. Kazi hii haina haja ya kungoja wageni. Majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania yalichapishwa mwaka 2008. Yasiyojulikana ni kiasi anachopakua mtu nyumbani. Mwalimu wa sekondari ya Hombolo mwenye mizani anaweza kuwaongoza wanafunzi wapime sahani ya ugali wa uwele na kichala cha zabibu, waandike gramu zake, kisha wakokotoe wanga na sukari. Hesabu hizo ndizo simu inazozikosa.