Darasa la Usiku la Walimu Tarajali

Walimu tarajali wengi wanaosoma kwa masafa wako kazini tayari: mchana hushika chaki, usiku hugeuka wanafunzi. Ndiyo maana kipindi cha mubashara mtandaoni huwekwa baada ya chakula cha jioni au siku za mapumziko, na wengi hukifuata kwa simu.

Njia hii ina wazee wake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote, Tanzania iliandaa maelfu ya walimu wa shule za msingi wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta na redio. Redio ilisema, mwalimu akasikiliza. Aliyetatizwa hakuwa na namna ya kumkatiza msemaji. Kipindi cha mubashara kimeondoa kizuizi hicho, na hilo si jambo dogo.

Tabu huanzia kwenye kamera. Picha hula bando kuliko sauti, hivyo darasa zima huzima kamera na mkufunzi hubaki na orodha ya majina. Akiuliza swali, kimya. Kimya hicho huenda ni kipaza sauti kilichofungwa, mtandao uliokata, mtoto anayelia chumbani, au somo lisiloeleweka. Darasani uso ungemwambia. Kwa mwanafunzi wa fani nyingine hasara hiyo huvumilika; kwa mwalimu tarajali ni nzito, kwa kuwa sehemu kubwa ya ualimu hujifunzwa kwa kutazama: mkufunzi anavyosubiri baada ya swali, anavyopita kati ya madawati, anavyomwinua aliyejikunyata.

Hata hivyo, wasiothubutu kunyoosha mkono ukumbini huandika maswali yao pembeni ya kioo bila woga, na maswali hayo mara nyingi ndiyo bora. Anayewafundisha wenzake asiowaona somo fupi la majaribio hulazimika kuita majina, kufupisha maelezo na kuuliza mapema. Ni mazoezi mazuri.

Rekodi humwokoa aliyekatikiwa na mtandao, ila haijibu swali. Maswali huhamia kundi la WhatsApp, ambako wenzake humweleza kwa ujumbe wa sauti hadi usiku wa manane.

Mazoezi ya kufundisha yenyewe yamebaki shuleni, na inafaa yabaki huko. Msimamizi huketi dawati la nyuma, andalio la somo mkononi, akitazama ubao unavyotumika na watoto wa pembeni wanavyofikiwa.