Miaka 30 ya TUGHE na deni la madaraja

Chama cha Wafanyakazi wa Serikali na Afya Tanzania, TUGHE, kimevuka miaka 30. Kilianza mwaka 1995, vyama vya kisekta vilipochukua nafasi ya OTTU, chama kimoja cha wafanyakazi wote nchini, na tangu hapo kimekuwa sauti ya muuguzi, tabibu, mteknolojia wa maabara na mhudumu wa afya mbele ya mwajiri mkubwa kuliko wote nchini, yaani Serikali.

Wakazi wa Mwanza na mwambao mzima wa Ziwa Victoria tuna kila sababu ya kukipongeza. Mgonjwa anayevushwa kutoka Ukerewe, anayeletwa na gari la wagonjwa kutoka Geita au anayepewa rufaa kutoka Musoma huishia mikononi mwa watumishi ambao haki zao zimepiganiwa na chama hiki. Mtumishi anayelipwa kwa haki hukaa kazini. Anayeonewa huondoka, na nafasi yake hubaki wazi.

Historia ya chama hiki ni ndefu kuliko umri wake. Shirikisho la kwanza la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955. Mwaka 1964 lilivunjwa na kuja NUTA, ikafuata JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991. Katika miongo hiyo mitatu muuguzi wa Hospitali ya Bugando, mpakia marobota ya pamba na fundi wa kiwanda cha nguo cha MWATEX wote walikuwa na kadi ya chama kimoja, na viongozi wa juu wa chama hicho walikuwa karibu mno na dola kiasi cha kutoweza kubishana nayo.

Udogo wa vyama vya kisekta ulileta faida ambayo wengi hawakuitarajia. Chama cha watu wote hakiwezi kujua kwa undani kwa nini Afisa Muuguzi Msaidizi wa Daraja la Pili analipwa ngazi moja na Tabibu wa Daraja la Pili, wala kwa nini mhudumu wa afya ana ngazi zake za pembeni. Chama cha wafanyakazi wa afya kinajua. Kazi kubwa ya TUGHE, isiyopigiwa makofi uwanjani, imekuwa kuufahamu Muundo wa Maendeleo ya Utumishi kifungu kwa kifungu na kuusimamia mbele ya mwajiri.

Kwa msomaji asiye mtumishi, mambo yako hivi. Kila kada ya afya ina muundo wake unaotaja elimu ya kuingilia, majukumu, na ngazi za mshahara zinazopandwa. Ngazi hizo hujulikana kwa herufi TGHS. Muuguzi wa cheti huanzia TGHS A, Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye stashahada TGHS B, Afisa Muuguzi mwenye shahada TGHS C, na Daktari wa Daraja la Pili TGHS E. Herufi hiyo moja mwishoni ndiyo inayoamua mtumishi atalipa ada ya mtoto au atakopa, na baadaye ndiyo inayoamua pensheni yake.

Ndiyo maana tunasema bila kusita kwamba daraja ni kubwa kuliko nyongeza. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza nyongeza ya asilimia 23.3, na nchi ikashangilia. Julai ilipofika, watumishi wengi wa ngazi za kati walifungua hati zao za mshahara wakakuta ongezeko dogo mno, kwa kuwa asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini. Mwaka 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda tena, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ni hatua njema, na chama kina sehemu yake katika mafanikio hayo. Hata hivyo muuguzi aliyekwama daraja moja kwa miaka minane hawezi kukwamuliwa na kima cha chini.

Mwanza inakumbuka siku hesabu hiyo iliposemwa hadharani. Mei Mosi ya 2021 iliadhimishwa kitaifa katika Uwanja wa CCM Kirumba, na ilikuwa ya kwanza kwa Rais Samia Suluhu Hassan akiwa madarakani. Hakutangaza kupandisha mishahara mwaka ule. Alipunguza kodi ya mshahara ya kiwango cha chini kutoka asilimia 9 hadi 8, akaahidi nyongeza mwaka unaofuata, na akaeleza mpango wa kupandisha madaraja makumi ya maelfu ya watumishi. Waliotoka uwanjani wakinung'unika kwamba wameambulia patupu walikosea. Kwa mtumishi wa afya, tangazo la madaraja ndilo lililokuwa na fedha.

Fedha hizo zilikuwa deni la muda mrefu. Katikati ya 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya, upandishaji wa vyeo na mabadiliko ya mishahara ili kuhakiki watumishi hewa. Aprili 2017 ikafuata orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hatuna ugomvi na uhakiki. Mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyesoma kweli. Lakini wapo waliokuwa na vyeti halali, wakiwa wamepewa barua za kupanda au wanazisubiri, ambao saa yao ilisimamishwa pamoja na ya wenye hatia. Wenzao walioajiriwa nyuma yao wakaja kulingana nao, na tange, yaani orodha ya ukubwa kazini, ikavurugika.

Kilichofuata ni utaratibu ambao watumishi wameubatiza jina la mserereko, yaani kuwapandisha walioachwa nyuma bila kuwasubirisha miaka yote ya kawaida, ili wawafikie wenzao. Vyama vya wafanyakazi, TUGHE kikiwa mstari wa mbele kwa upande wa afya, vilidai jambo hili barua kwa barua na kikao kwa kikao hadi likaingia kwenye bajeti. Tunalihesabu miongoni mwa ushindi mkubwa wa miaka hii 30, ingawa halikuandamaniwa na mtu.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwaka 2012 madaktari waligoma, Januari kisha Juni, wakidai pamoja na mengine mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5. Mgomo ulifika hadi Bugando. Mahakama iliuzuia, madaktari wengi waliadhibiwa, na wagonjwa waliteseka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaziweka huduma za afya katika kundi la huduma muhimu ambazo kwa kawaida watumishi wake hawagomi. Ukimnyima mtu silaha ya mgomo, ni lazima umpe meza ya mazungumzo inayofanya kazi. Meza hiyo ipo kisheria tangu Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003, na mabaraza ya wafanyakazi yapo tangu Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970. Ya 2012 yalitokea kwa sababu waliopaswa kuitumia meza hiyo waliiacha ikapata vumbi.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wana somo linalofanana na hilo. Madaktari wa Kenya walitiliana saini na serikali yao mkataba wa pamoja mwaka 2013. Haukutekelezwa, na kuanzia Desemba 2016 waligoma kwa siku 100, hospitali za Kisumu zikiwamo. Mkataba ulioandikwa vizuri na kuachwa kabatini huzaa hasira zaidi kuliko kutokuwa na mkataba.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Miundo ya afya iliandikwa kwa hospitali ya kufikirika ambamo kila kada ina mtu wake na kila mtu ana kazi yake. Nenda Ukara, Kome au Maisome. Kwenye zahanati ya kisiwa muuguzi mmoja hupokea wajawazito, huchoma chanjo, hutoa dawa, hufunga hesabu za stoo, hujaza takwimu za mwezi na usiku hugongewa mlango na wavuvi waliojeruhiwa. Muundo unamtambua kama muuguzi wa daraja fulani. Hizo kazi nyingine nne hazimo popote, na anapokaimu uongozi wa kituo mara nyingi hukaimu kwa shukrani tu.

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, waliotangulia kupokea manusura na miili ni watumishi wa Kituo cha Afya Bwisya. Marburg ilipozuka Bukoba Machi 2023, watu tisa waliugua na sita wakafariki dunia, mtumishi wa afya akiwamo. Mazingira ya namna hii ni sehemu ya kazi ya afya katika kanda hii, na mfumo wa kupanga mishahara usioyapima ni mfumo wenye kasoro.

Inawezekana kuyapima. Uingereza ilianza mwaka 2004, baada ya majadiliano na vyama vya wafanyakazi, kupanga kazi za afya za umma katika makundi tisa kwa kutumia vigezo 16. Miongoni mwake ni maarifa, uwajibikaji, nguvu za mwili, uzito wa kihisia na mazingira ya kazi. Madaktari walibaki nje ya mpango huo, na malalamiko hayajaisha hadi leo. Lakini muuguzi wa huko anaweza kuomba kazi yake ipimwe upya, akapewa majibu kwa maandishi. Wa Nansio anastahili hilo pia.

Kwetu hapa Serikali ilikwisha kuianza safari hii. Bodi ya Mishahara na Maslahi katika Utumishi wa Umma ipo, na katika muongo uliopita lilifanyika zoezi la tathmini ya kazi na kuhuisha madaraja. Watumishi waliambiwa wasubiri matokeo yake ndipo mishahara ipangwe upya. Matokeo ya zoezi hilo kwa kada za afya yanapaswa kuwa mezani mwa kila baraza la wafanyakazi, na TUGHE ina wajibu wa kuyadai kwa jina.

Lipo pia suala la wanaojiendeleza. Muuguzi wa stashahada anajilipia masomo, anapata shahada, anarudi wodini na ujuzi mpya, kisha anabaki kwenye ngazi ya zamani akisubiri kubadilishiwa kada. Halmashauri inasema ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, haina nafasi, Utumishi inasema halmashauri haikuomba, na Hazina inasema haikutengewa fedha. Wakati huohuo wagonjwa wananufaika na shahada ambayo hakuna anayeilipia. Aliyebadilishiwa kada naye hukuta ameanzishwa daraja la chini kabisa la kada mpya, uzoefu wake wa miaka 15 ukahesabiwa kama haukuwapo.

Bugando inahitaji jicho la pekee. Hospitali hii ilifunguliwa mwaka 1971, ikaendeshwa na Serikali, kisha ikarejeshwa kwa Baraza la Maaskofu Katoliki mwaka 1985 ikibaki hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Wengi wa watumishi wake hulipwa na Hazina, wengine huajiriwa na hospitali yenyewe kwa mikataba. Wauguzi wawili wa zamu moja, kitanda kimoja, wanaweza kuwa na waajiri wawili na njia mbili tofauti za kupanda. Hapo chama kinahitaji mkataba wa hali bora unaowalinda wote wawili, la sivyo yule wa mkataba atabaki mgeni ndani ya wodi yake.

Na chama chenyewe kijitazame. Mwanachama hukatwa asilimia mbili ya mshahara kila mwezi, na anayekatwa ana haki ya kujua fedha hizo zinavyotumika. Ushindani na TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, katika kuwania wanachama wa halmashauri umekula nguvu ambazo zingetumika kudai miundo mipya. Tabibu wa Misungwi hajali nembo iliyo kwenye kadi yake. Anajali barua yake ya cheo imefika wapi.

Tunaitaka TUGHE, ikishirikiana na TALGWU, iandae orodha ya kila mtumishi wa afya wa Kanda ya Ziwa anayesubiri kupandishwa daraja au kubadilishiwa kada, halmashauri kwa halmashauri, ikionyesha mwaka aliostahili. Orodha hiyo ikabidhiwe Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma, kabla bajeti ijayo haijafungwa. Ofisi hiyo nayo ijibu kwa kutaja tarehe ya malipo, na itangaze ni lini miundo ya kada za afya itapitiwa upya na baada ya miaka mingapi itapitiwa tena. Wanachama wa Mwanza wasisubiri sherehe. Waanze kuidai orodha hiyo kwenye mkutano ujao wa tawi.