Ndege Ikichelewa, Amana Haifutiki

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Masahaba zake na wote waliofuata uongofu wake.

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu, hapa Zuzu na katika misikiti mingine ya Dodoma, wanaochanga mtaji na kumkabidhi mmoja wao asafiri hadi Dubai au Guangzhou kununua bidhaa. Ni ushirika mwema, na wanazuoni wameuwekea hukumu zake katika mlango wa mudharaba. Lakini ndege inapochelewa, msafiri akalazimika kulala hoteli na kununua tiketi nyingine, huzuka swali: gharama hizo ni za nani, na fidia ikipatikana ni ya nani? Swali hili huweza kuwahasimisha watu wanaosimama safu moja.

Yapo makosa mawili katika jambo hili. La kwanza ni la yule asemaye, “Ni qadari ya Allah,” kisha akaacha kudai. Kuamini qadari ni nguzo ya imani, na subira ni wajibu. Lakini hakuna katika viwili hivyo kinachofuta mkataba. Tiketi ni mkataba wa ijara: abiria ametoa ujira, na shirika limejifunga kumfikisha. Allah (s.w.) ameifungua Suratul-Maidah kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba. Na mwenye kuacha kudai mali ya wenzake hasamehi chake, anasamehe cha watu.

Kosa la pili ni la yule anayedai zaidi ya alichopoteza, akaleta risiti ya kughushi kwa hoja kwamba shirika ni tajiri, au kwamba wenyewe si Waislamu. Suratul-Baqara, aya ya 188, imekataza kulana mali kwa batili, na utajiri wa mtu hauihalalishi mali yake.

Basi haki ni ipi? Tanzania imo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaohusu safari za ndege za kimataifa. Kwa mkataba huo, shirika hulipa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua hatua zote za busara kuuepusha, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Tangu 28 Desemba 2024, kikomo kwa kila abiria ni vipimo 6,303 vya fedha vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), yaani zaidi ya dola 8,000 za Marekani. Hicho ni kikomo, si zawadi: hulipwa hasara iliyothibitishwa tu. Mzigo ukichelewa, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 21 tangu kuupokea. Na kesi ifunguliwe kabla ya miaka 2 kupita.

Mafuriko yaliyoukumba uwanja wa ndege wa Dubai tarehe 16 Aprili 2024 ni mfano wa udhuru. Ama ndege iliyoachwa bila matengenezo kwa uzembe, huo si udhuru.

Tena, tiketi ya Dodoma hadi Dar es Salaam ikinunuliwa peke yake, haimo katika mkataba huo. Ikiwa ni sehemu ya safari moja iliyokatwa hadi Dubai, imo. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa shirika lenyewe, kisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Wanazuoni wetu hawako mbali na hayo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh mwaka 2000, lilipozungumzia sharti la fidia katika mikataba, lilikubali hasara halisi ya mali na pato la hakika lililomkosa mtu. Halikuingiza maumivu ya moyo, wala halikumtoza aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Kwa hiyo faida uliyoiota sokoni si hasara ya kudaiwa.

Kuhusu ushirika, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni kuwa msafiri hajigharimii kutoka katika mtaji. Imam Malik na Imam Abu Hanifa wameruhusu awapo safarini. Kwa kuwa ikhtilafu ipo, mapatano yatangulie safari. Kisha kanuni ni nyepesi: gharama iliyotoka katika mtaji, fidia yake hurudi katika mtaji, iliyotoka mfukoni mwa msafiri, ni yake. Mwenye kuificha amekhini amana.

Hivyo tunawanasihi ndugu zetu:

1. Waandike mapatano ya gharama na fidia kabla ya safari, kama aya ya 282 ya Suratul-Baqara inavyotufunza kuandika madeni.

2. Msafiri atunze tiketi na kila risiti, na aombe sababu ya kuchelewa kwa maandishi.

3. Adai kwa wakati, adai kweli, na awasomee wenzake hesabu arudipo.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi na kurejesha amana kwa wenyewe. Amin.

Wabillahi Tawfiq.