Unapokwenda konji ng'ambo, mtoto unamwachia nani?

Wafanyakazi wenzangu, nanyi mama wa nyumbani,

Konji ni dawa. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima katika vumbi na kelele anapaswa kupumzika, na kama franka zinatosha, ni vizuri bibi na watoto waone nchi nyingine. Wengine wetu tunavuka Kasumbalesa, tunashuka Zambia mpaka Livingstone, kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Huko baba na mama wanataka kutembea siku moja bila mtoto mgongoni, basi wanatafuta msichana wa pale amlinde. Je, ni vibaya? Mimi nasema hapana. Kilicho kibaya ni kumwachia mtoto bila maagizo.

Nitaeleza yaliyotupata sisi wenyewe. Mwaka 2019 tulikuwa Livingstone na mtoto wetu wa miaka miwili, kilo 12. Mwenye nyumba tuliyopanga alituletea msichana mpole. Asubuhi tukamwachia mtoto, tukaenda. Tuliporudi, mtoto alikuwa na homa. Bibi yangu akachukua chupa ya paracetamol ya maji tuliyotoka nayo nyumbani. Msichana akasema kwa Kibemba: "Mama, sasa hivi nimempa nusu ya Panado."

Panado ni paracetamol ileile, jina tu ni lingine! Nusu ya kidonge cha miligramu 500 ni 250, na mtoto wa kilo 12 hapaswi kupita 180 kwa mara moja. Tena lazima zipite saa 4 kabla ya kumpa nyingine. Ikizidi, inaharibu ini. Tulirudisha chupa, tukampeleka mtoto kliniki apimwe malaria. Msichana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, mimi ninayewafundisha wengine kila siku.

Kazini, mtu mpya hashuki shimoni kabla kapita hajamwonyesha mahali pa hatari. Kwa nini tunamkabidhi mgeni mtoto wetu kwa dakika tano?

Wengine watasema: "Kwetu mtoto analelewa na wote." Ni kweli, hapa kambini. Jirani anamjua mtoto, anajua dispanseri iko wapi, anajua namna ya kukuita. Msichana wa ng'ambo hajui hata moja la hayo.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Siku ya kwanza mkae naye nyumbani, mwone anavyomshika mtoto. Ulizeni habari zake kwa watu wanaomjua.

2. Fungieni dawa zote. Asimpe mtoto dawa yoyote. Akiona homa, awaite mara moja.

3. Mbabula, ambayo wao wanaita mbaula, isiingie chumbani. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, lakini makaa katika chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Tena asimwache mtoto peke yake kwenye beseni la maji, hata kidogo.

4. Andikeni kwenye karatasi jina la mtoto, kilo zake, simu yenu na kliniki ya karibu. Mwelezeni kwa lugha anayoisikia, kisha yeye naye awarudilie.

5. Mpeni chakula na mshahara mliopatana, siku ileile. Mlezi mwenye njaa hawezi kulinda vizuri.

Usalama hauishii kwenye mlango wa mgodi. Nendeni konji, mrudi wote, wakubwa kwa wadogo.