Shaba ya Migori ilipikwa chini ya bahari. Sasa wanaifuata huko huko

Simama Lower Kabete Road, hapa Spring Valley, saa mbili asubuhi uhesabu boda za umeme. Kila mota ina nyaya za shaba. Dunia inataka shaba nyingi zaidi, na sasa kuna wanaoitafuta sakafuni mwa bahari.

Inafikaje huko? Maji ya bahari, baridi kama ya friji, hupenya kwenye nyufa mahali sakafu inapopasuka na magma iko karibu. Yanapata moto hadi nyuzi 350 hivi na hayageuki mvuke, kwa sababu yamekandamizwa na uzito wa bahari yote iliyo juu. Yakiwa makali hivyo, yanachota shaba, zinki na dhahabu maweni, kisha yanafyatuka juu. Yakikutana na baridi, madini yanaganda papo hapo pamoja na salfa, unapata bomba linalotoa kitu kama moshi mweusi. Wanasayansi waliyaona mabomba hayo 1979, Pasifiki. Yanaanguka, mengine yanaota juu yake, na baada ya maelfu ya miaka una kilima cha madini.

Kenya tunacho kimoja, ila kiko nchi kavu: Macalder, Migori. Mawe yake yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, enzi hiyo pakiwa chini ya bahari. Mgodi wa shaba ulifungwa 1966. Leo wachimbaji wadogo, akina mama wakiwemo, wanasaga mawe na kunasa dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, lakini mgodi uliokufa haulipi mrabaha, buda.

Septemba 2025 India ilisaini mkataba na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoko Kingston, Jamaica, wa kutafuta madini haya kwenye Mgongo wa Carlsberg. Hiyo ni Bahari Hindi, hii yetu. Ni utafutaji tu, bado si uchimbaji. Lakini kwenye mabomba mengine ya bahari hii anaishi konokono mwenye magamba ya chuma mguuni, na tangu 2019 ameorodheshwa kuwa hatarini kwa sababu ya uchimbaji ambao haujaanza, manze!

Sheria ya bahari inasema madini ya huko nje ni urithi wa binadamu wote, na Kenya ni mwanachama wa hiyo Mamlaka. Basi waliotuwakilisha Kingston watuambie: fungu letu ni ngapi, na matope yakitibuka nani atasafisha? Macalder bado hajaja mtu.